Upande Uliofagiwa

Harufu ya lami inayochemka hunipandisha hasira. Nilitoka nyumbani kwangu Kasenga asubuhi nikiwa nyuma ya pikipiki, naelekea bondeni kumzika mama, na tulipofika Kavimvira, karibu na wanapokaa wabadilisha pesa, vijana walikuwa wanaziba mashimo ya barabara. Pipa lilikuwa juu ya moto. Moshi mweusi ulitufuata, watu wakajifunika pua na kulalamika, na mimi nikamshika dereva bega nikamwambia asimame. Akageuka kunitazama. "Mama, uko mugonjwa?" Nikamwambia twende. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimerudi kwenye mlango wa nyumba tuliyokulia, uliotengenezwa kwa magogo ya reli, ambayo jua la mchana likiyapiga yalitoa jasho jeusi na kunuka vilevile. Na pale mlangoni nilimwona Baba Mkubwa amevaa koti la baba yangu.

Nyumba yenyewe ilikuwa stesheni. Sisi tuliiita gare, kama kila mtu wa bonde la Ruzizi. Ninyi wa rika langu mliokulia upande wa Kiringye mnaijua, na wengi wenu mliicheka sana. Zamani, kabla mama zetu hawajazaliwa, kulikuwa na reli iliyotoka ziwani, Kalundu, ikafuata bonde mpaka Kamanyola, na kule mizigo ikapakiwa kwenye malori kupanda milima kwenda Bukavu. Pale petu njia iligawanyika. Moja iliendelea na safari, nyingine ndogo ilikata kwenda kwenye maghala ya pamba. Kwa hiyo kila treni ililazimika kusimama petu, na watu waliotoka kwenye meli wakakutana na watu wa magunia ya pamba kwenye sakafu moja, wakigombania kivuli kimoja. Nadhani hata wakati ule hawakupendana. Babu yangu ndiye aliyevuta ule mkono wa chuma uliogeuza njia. Reli ilipofungwa, bosi wake alimwachia ufunguo, akamwambia akae humo na kupatunza, mengine wataona baadaye. Hawakuona kitu. Babu alilea watoto wake humo, akazeeka humo, akafia humo, na hakuna aliyekuja kumwuliza ufunguo.

Treni ilipokufa, kijiji kiliigawana kama ng'ombe aliyegongwa na lori. Vyuma vya reli vikawa nguzo na mihimili. Kipande kimoja kilitundikwa kanisani, kikawa kengele, na mpaka leo kinapigwa kwa nyundo kila Jumapili kuwaita watu wasioiba. Kapita, yaani mkuu wa kijiji chetu, alichukua benchi refu la abiria akaliweka mbele ya nyumba yake, akawa anaamulia kesi za watu akiwa amelikalia. Baba Mkubwa, kaka yake baba, alibeba mabati ya ghala la pamba na kujenga nyumba yake ng'ambo ya tuta la reli, tukitazamana mlango kwa mlango. Yeye ndiye mkubwa, gare ingeweza kuwa yake, lakini alipooa alikataa kukaa ndani yake. Alisema hawezi kulala ndani ya maiti. Hakuna aliyeona aibu kwa alichobeba. Aibu waliturundikia sisi tuliobaki na mifupa.

Baba yangu hakujali. Alikuwa mtu wa kucheka. Siku kazi zilipokwisha bondeni aliamua kwenda Kalemie, kwa sababu kule treni zilikuwa bado zinatembea, na mtoto wa mtu wa reli angeweza kupata kazi. Nilimsindikiza pamoja na mama mpaka bandarini Kalundu. Kulikuwa na harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa na mafuta ya mazutu, na boti lilijaa mpaka watu walikaa juu ya magunia. Nilikuwa nalia. Akachutama mbele yangu.

"Zawadi, usilie. Minye nakwenda kuangalia treni kule. Nikiipata, nitairudisha mpaka kwetu."

"Itasimama wapi?"

"Mbele ya mulango. Itasimama wapi pengine?"

Alicheka, mama naye akacheka. Mimi sikucheka. Niliuweka ule mpango moyoni kama mambo mengine ya kweli niliyoambiwa, kwamba mvua itakuja na kwamba mahindi yataiva.

Kilichorudi ni koti. Mtu wa boti alilileta likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, akakaa na wanaume nje, akazungumza kwa sauti ya chini. Baba aliugua huko, akafa huko, akazikwa huko, kwa maana maiti haisafiri ziwani bila mali. Basi koti likalazwa juu ya mkeka katikati ya uwanja, mikono imenyooshwa kando, na kilio kikaanza. Shangazi zangu walijitupa chini. Wanawake wa kanisa waliimba. Nililia kidogo kwa sababu wote walilia, lakini nilishangaa kuona watu wazima wanalilia koti. Kuku wetu alipochinjwa nilimwona. Mtoto wa jirani alipokufa nilimwona. Hapa sikuona mtu.

Mnajua desturi yetu. Nyumba yenye kilio haifagiwi. Majani yaliyoanguka yanakaa, majivu ya moto wa walinzi wa usiku yanakaa, maganda ya ndizi yanakaa, mpaka siku ya kuondoa kilio, ndipo wanawake wa ukoo wanafagia pamoja. Anayefagia kabla anamfukuza marehemu nyumbani kwake, na analipishwa mbuzi. Mama alijua desturi hiyo kuliko mimi na ninyi. Alikuwa amenyolewa kichwa, amekaa kwenye mkeka wa wajane. Lakini asubuhi ya kwanza baada ya wageni wa mbali kuondoka aliinuka, akachukua fagio la vijiti, akapita ndani ya nyumba, akatokea upande wa pili, kwenye sakafu ndefu ya saruji ambako zamani watu walipandia treni. Akafagia. Alianza kwenye ukuta akaja mpaka ukingoni, vumbi likiruka juu ya tuta na kwenda kwa Baba Mkubwa. Kesho yake akafagia tena. Alitafuta chokaa, akapaka mawe ya ukingo yakawa meupe kama meno.

Hebu fikirini mimi niliona nini. Nyumba yetu ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa mchafu, umejaa majivu na watu wanaolilia koti. Upande wa pili ulikuwa safi, umepakwa chokaa, hauna mtu. Ilikuwa wazi kabisa. Upande mchafu ni wa waliokata tamaa, na upande safi ni wa baba, atakaposhuka. Mbele ya sakafu ile kilibaki kipande kifupi cha reli ambacho kilizama kwenye saruji, hakuna aliyeweza kukiiba. Kila mchana nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda kuweka sikio juu yake. Chuma kiliniunguza, nikabadilisha sikio. Nilimpenda mama kwa kufagia kwake. Niliona furaha katika zile nguvu alizotumia.

Baba Mkubwa aliona kitu kingine. Wakati ule soko lilikuwa limehamia karibu nasi, na ile sakafu yenye paa, ambayo zamani aliiita maiti, sasa ingefaa sana kuwa ghala la mpunga. Alitaka mama awe na kosa kabla ya siku ya kugawa urithi. Akamleta kapita asubuhi, waombolezaji wote wakiwa hapo.

"Mama Zawadi," kapita alisema, "kilio hakifagiwe. Weye unamufukuza mume wako?"

"Uwanja sikugusa, kapita. Angalia mwenyewe. Majivu iko, majani iko. Minye nafagia gare."

"Na gare iko ya nani? Haiko nyumba yenu?"

"Iko ya treni."

Kapita alicheka mpaka akashika ukuta. Machozi yalimtoka. Akamgeukia Baba Mkubwa. "Muache, shemeji yako iko na kichwa kibovu. Desturi ya kilio iko juu ya vintu vya marehemu. Huyu anafagia vya treni!"

Na Baba Mkubwa, kwa kuwa mkubwa wake amecheka, naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote. "Kweli kabisa! Afagie vya treni yake!" Walinzi wa moto wakacheka. Shangazi zangu, ambao dakika chache nyuma walikuwa wanajigaragaza, wakacheka wakiwa wamefunika midomo. Tangu siku hiyo mama akawa Mama Gare. Akienda kuchota maji watoto walimfuata wakipiga miluzi ya treni, na mama zao wakawaacha. Mama alifagia tu, na kila asubuhi vumbi likaenda ng'ambo.

Siku ya kuondoa kilio ilifika. Wanawake wa ukoo walifagia uwanja, wakachoma takataka, ikapikwa bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwani, kasiksi ikaletwa kwa wanywaji na soda kwa watu wa kanisa. Kisha wazee wakakaa kugawa. Kapita alikuja na watoto wakimbebea benchi lake, lile lile la abiria, akaliweka mbele ya nyumba lilikotoka na kulikalia bila kuona haya. Baba Mkubwa akaitwa mrithi. Akaokota koti kwenye mkeka, akalivaa. Lilikuwa dogo kwake, mikono iliishia juu ya vifundo, na alipolivuta mabegani nilisikia uzi unakatika. Nilitamani kumwuma. Hata sasa, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikikumbuka ule uzi meno yananiwasha.

Baiskeli akachukua. Ng'ombe mmoja tuliyekuwa naye akachukua. Redio akampa mtoto wake. Mama alikaa chini na kichwa chake kinachong'aa.

"Sasa iko nyumba," Baba Mkubwa alisema. "Nyumba na mwenye kuwa ndani yake. Ndugu yangu hakuacha mukubwa mwengine. Huyu mama akikubali, atabaki, atakuwa wangu. Akikataa, njia ya kwenda kwa baba yake Kasenga anaijua. Lakini watoto ni wa ukoo. Watoto hawatoke."

Hilo nililielewa. Nilimshika mdogo wangu mkono, na tukasogea mpaka magoti yetu yakagusa mgongo wa mama. Mama akamgeukia kapita.

"Kapita, minye niko na ulizo. Nilifagia wakati wa kilio. Sababu gani hamukunilipisha mbuzi?"

Kapita akakohoa. "Ah, mama, iyo ilipita."

"Sababu gani?"

"Haukufagia kwa marehemu."

"Nilifagia wapi?"

Mama aliinuka. Kwa mjane, kusimama mbele ya wazee waliokaa lilikuwa kosa lingine, lakini siku ile makosa yalikuwa mengi.

"Nilifagia wapi? Wote mulikuwa hapa. Mulicheka sana. Mutu mumoja aseme."

Nyuma, kati ya wanawake, shangazi yangu mdogo alisema kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba, "Kwa treni."

"Basi. Vya marehemu mumegawa, minye sikufungua kinywa. Koti, baiskeli, ngombe. Lakini gare, kapita mwenyewe alisema haiko ya marehemu. Na weye shemeji ulisema kweli kabisa. Kama haiko yake, unairithi kwa nani?"

Baba Mkubwa aliruka. "Ile ilikuwa mucheko! Treni haiko! Treni ilikufa weye haujazaliwa!"

"Kama ilikufa, tugawe vyake vyote leo, tusianzie kwangu. Shusha kwanza mabati iko juu ya kichwa chako. Halafu hii benchi. Halafu kengele ya kanisa. Kila mutu alete, tuweke hapa kati, halafu tugawe."

Nilitazama nyuso. Siku zote zile walikuwa na kicheko tayari mdomoni kila mama alipopita, na sasa kilikuwa kimewakwama. Mchungaji, mwenye ile kengele, alitazama viatu vyake. Kapita aliinuka kwenye benchi haraka, kama limeshika moto, akajipangusa suruali. Sidhani alitaka kutusaidia. Alitaka kwenda nyumbani na benchi lake.

"Mambo ya treni iko ya serikali," alisema. "Kikao hiki hakina ruhusa. Anayefagia, aendelee kufagia." Alisema hivyo bila kumtazama mama, kama anatema kitu.

Watu walianza kuondoka kabla kasiksi haijaisha, jambo ambalo sijaliona tena. Baba Mkubwa alibaki wa mwisho. Alimsogelea mama, koti limembana, akamwambia usoni: "Utafagia mpaka ufe. Na hakuna atakayekusalimia."

Jioni ile mama alifunga milango yote miwili. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Kwangu mimi kesi ilikuwa juu ya treni, na treni ilikuwa imeshinda. Serikali, kapita, wote wamekubali kwamba ipo. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikamfuata jikoni.

"Mama, sasa baba atashuka upande huu safi, sivyo? Hatapita kwa Baba Mkubwa?"

Alinipiga kofi. Hakuwa amewahi kunipiga usoni. Kisha akanishika mabega na kuniinamia, meno yameumana, na akasema kwa kunong'ona.

"Hakuna treni. Unasikia? Hakuna treni, haitakuja hata siku moja, na baba yako iko chini ya udongo Kalemie."

Nikafungua mdomo kulia, akauziba kwa kiganja. Kilikuwa kinanuka lami, kwa sababu alikuwa ameusukuma ule mlango kwa mikono yake kuufunga. "Lia ndani," alisema. "Nje wasisikie. Kesho ukiulizwa, utasema treni itakuja. Utasema hivyo mpaka ukuwe." Ndipo na yeye akaanza kulia, kiganja chake bado kikiwa juu ya mdomo wangu, na mdogo wangu amelala pembeni bila kujua kitu.

Kwangu baba alikufa siku ile, wakati wengine wote walikuwa wamemaliza kulia. Sikuwa na mkeka wala waimbaji. Asubuhi nilisikia fagio, nikachungulia, na kwa mara ya kwanza nikaona kilichokuwa kwenye mikono ya mama. Nilidhani anafagia kwa kungoja. Alikuwa anafagia kwa ugomvi. Kila mfagio ulikuwa kofi, na vumbi lilijua linakokwenda.

Laana ya Baba Mkubwa ilishika, maana kijiji kizima kilishirikiana naye kuishikisha. Hatukupewa kaa la moto wala chumvi. Wanawake walioimba kwenye kilio chetu waligeuza shingo njiani. Usiku watu walitupa takataka kwenye sakafu ile: majivu, maganda, mara moja mbwa aliyekufa. Mama alifagia, akasukuma kila kitu ng'ambo ya tuta, akapaka chokaa upya. Tulikua hivyo, mimi na mdogo wangu, chini ya paa moja na mama yetu, wala si chini ya mabati ya wizi ya mtu aliyechana koti la baba. Wanaonishauri kusamehe hawakukulia pale. Baba Mkubwa ameshakufa, nilienda kwenye kilio chake, nikala, nikarudi Kasenga. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo ya kumpa.

Nilimwomba mama mara nyingi aje akae kwangu mjini. Alisema, "Na gare nani atafagia?" Walimkuta asubuhi ameanguka ukingoni, kwenye mawe meupe, fagio mkononi. Utafagia mpaka ufe. Alifagia.

Tulimzika alasiri. Safari hii kulikuwa na mwili, na niliutazama vizuri. Kesho yake asubuhi uwanja ulikuwa umejaa majani na majivu, kama inavyotakiwa, na mtoto wa Baba Mkubwa, yule aliyepewa redio, akaja. Amekuwa mtu mnene mwenye heshima. Alinipa pole kwa mikono miwili, kisha akapita ndani bila kukaribishwa mpaka upande wa pili, akasimama kwenye sakafu na kuanza kuitazama kutoka pembe hii mpaka ile.

"Dada," aliniambia kwa upole, "hii nyumba ya mama mudogo, tutaifanya namna gani?"

Magogo ya mlango yalikuwa yameanza kupata jua, na harufu ilikuwa inapanda. Fagio la mama lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nikalichukua, nikaanzia ukutani kama alivyoanza yeye, nikaja moja kwa moja mpaka aliposimama.

Alishtuka kweli. "Dada! Kilio hakifagiwe!"

"Sifagii kilio," nikamwambia. "Ondoa miguu."